Bado Si Ndiyo

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya kutoka ikishagongwa, Somoe hakukimbilia nyumbani kama wenzake wa Darasa la Saba. Alikimbilia stoo. Stoo ya shule yao, pale Kiwangwa, ilikuwa na majembe, magunia mawili ya mahindi, mipira mitatu isiyo na upepo, na juu ya meza yenye mguu uliofungwa kamba, kompyuta moja. Kompyuta hiyo ndiyo ilikuwa klabu nzima. Wanachama walikuwa wanane, kwa hiyo mmoja akiandika, saba walikuwa wanampumulia shingoni.

Mwalimu Ridhiwani, mwalimu wa hisabati, ndiye aliyewafundisha kuandika programu.

"Lugha hii haibahatishi," alisema siku moja. "Kabla hujaweka kitu, unaiambia kwanza ni kitu cha aina gani. Ukisema hapa panakaa namba nzima, basi ni namba nzima tu. Ukileta jina la mtu, inakataa."

"Ikikataa inafanyaje, mwalimu?" aliuliza Mwishehe, ambaye alipenda kujua ukubwa wa adhabu kabla hajafanya kosa.

"Inakuandikia mistari myekundu, na haisogei."

"Kama mama yangu," alisema Mwishehe. Hata mwalimu alicheka.

Ubaoni waliandika aina nne. Aina inayoitwa string ilikuwa ya maneno, kama jina la mwanafunzi. Int ilikuwa ya namba nzima, kama umri. Double ilikuwa ya namba yenye nukta, kama urefu wa mtu kwa mita. Ya mwisho, bool, ilikuwa ngeni kwao wote. Hiyo ilikubali mambo mawili tu, kweli au si kweli. Hakuna la tatu.

Mwishehe akataka kujaribu. Programu ilipomwuliza umri, akaandika: *kumi na mbili na nusu*. Mistari myekundu ikajaa kioo kizima.

"Mbona hiyo ni namba!" alilalamika.

"Kwako ni namba. Kwake ni maneno," alisema Somoe.

Mwishehe akaandika 12.5. Myekundu tena.

"Int haina nusu," Somoe alimwambia.

"Sasa nusu yangu niipeleke wapi?"

"Iache nyumbani. Utaifuata siku ya kuzaliwa."

Somoe alikuwa mwepesi kuliko wote. Wenzake wakikwama wanamwita yeye kabla ya kumwita mwalimu, na yeye alipenda kuitwa. Kukwama mbele za watu ndiko alikokuwa hakupendi.

Wiki hiyo Nesi Ashatu wa zahanati alikuja stoo na uso wa mtu mwenye jambo. Wakamwamkia, "Shikamoo Nesi," naye akaitikia huku akitafuta mahali pa kukaa. Hapakuwepo, akakalia gunia.

"Jumatano ijayo tunatoa dawa za kichocho," alisema. "Mnajua kichocho mnakipata wapi?"

"Bondeni, Nesi. Kwenye maji yaliyotuama."

"Na bado mnaoga humo. Haya. Dawa zenyewe ni nzuri, lakini hazitaki tumbo tupu. Mwaka jana tuliandika kwenye karatasi, majina yakachanganyika, watoto ambao hawajala wakameza. Wakatapika mpaka kwenye ngazi za ofisi. Wazazi walikuja hapa, maneno niliyoambiwa siwezi kuyarudia mbele yenu. Mwaka huu wapo waliokwishasema, yakitokea tena, watoto wao hawamezi kabisa. Na wapo watoto ambao nikiwaangalia tu najua wanaumwa."

Mwalimu Ridhiwani aliwatazama wanaklabu, akaishia kwa Somoe. "Tutaandika programu," alisema. "Mtoto atasema kama amekula au hajala. Aliyekula aende kwenye foleni ya dawa. Ambaye hajala aende kwenye foleni ya uji kwanza, apumzike nusu saa, ndipo ameze."

Waliiandika kwa siku mbili. Jina, string. Umri, int. Urefu, double, maana idadi ya vidonge hupimwa kwa urefu wa mtoto. Na mahali pa swali la chakula, Somoe mwenyewe aliandika: *bool amekula*. Ukiandika ndiyo, programu inahesabu kweli, na kioo kinaonyesha DAWA. Ukiandika hapana, inahesabu si kweli, na kioo kinaonyesha UJI. Neno jingine lolote linakataliwa.

"Safi," alisema Mwalimu Ridhiwani. "Hapo mtoto hawezi kupita bila kujulikana. Msipaguse tena."

Jumatano ikafika. Saa mbili asubuhi meza ilikuwa imetolewa nje, kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Mwishehe aliuliza maswali kwa sauti, Somoe akaandika. Kompyuta ikishasema, Mwishehe alimwandikia mtoto kwa kalamu kiganjani, D kwa dawa au U kwa uji. Nesi Ashatu alikaa mbali kidogo, akiwa na ubao wa kupimia urefu, ambao kila mtoto aliupitia kwanza, na ndoo ya maji ya kunywa. Mwalimu Ridhiwani alikuwa upande wa pili anapanga madarasa.

Watoto wanne wa kwanza walipita vizuri. Wa tano alikuwa mvulana wa Darasa la Tatu.

"Jina?"

"Yunus."

"Umekula?"

"Bado."

Somoe akaandika bado. Kompyuta ikakataa.

"Sema ndiyo au hapana," alisema Mwishehe.

"Bado."

"Bado ndiyo au bado hapana?"

Yunus alimtazama kama vile yeye ndiye mgonjwa. "Bado bado!"

Watoto wakacheka. Somoe akaandika hapana, akaendelea. Wa sita akasema bado. Wa saba akasema, "Kidogo." Wa nane akasema, "Nimekunywa chai ya rangi." Wa tisa, bado. Kila mara Somoe alikuwa ameshaandika neno kabla hajafikiri, maana vidole vyake vilikuwa vinafuata sikio, na kila mara mistari myekundu ilijaa kioo, ikambidi aanze upya, jina, umri, kila kitu. Mwisho, katika kuanza upya huko, Yunus akarudishwa mbele na U yake kiganjani, kwa sababu jina lake lilikuwa limefutika.

Foleni ilikuwa imefika kwenye bomba la maji. Wakubwa wa Darasa la Saba wakaanza.

"Jamani, kompyuta imesinzia?"

"Mwambieni Somoe aipe uji na yenyewe!"

"Karatasi ilikuwa na haraka kuliko hiyo!"

Masikio ya Somoe yalichemka. Bado, neno dogo namna hii, linamwaibisha mbele ya shule nzima. Akafungua mistari ya programu. Pale palipoandikwa bool, akafuta, akaandika string. Sasa mahali pale palikubali maneno yoyote. Chini yake akarekebisha sharti haraka haraka: mtoto akijibu "hapana", aende kwenye uji, na akijibu kingine chochote, aende kwenye dawa.

Mwishehe alikuwa anachungulia. "Somoe. Mwalimu si alisema hiyo tusiiguse?"

"Mwalimu yuko kule. Wewe soma majina."

Mwishehe alitaka kusema kitu kingine, akatazama foleni, akanyamaza.

Baada ya hapo mambo yakateleza. Yunus akasema bado tena, ikakubali, na Mwishehe akageuza U yake kuwa D. Jina, umri, urefu, bado. Inakubali. Jina, umri, urefu, kidogo. Inakubali. Hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Mwishehe aliandika viganja mpaka wino ukamchafua na yeye. Wale wakubwa wakakosa la kusema. Nesi Ashatu alipaza sauti kutoka kwenye ndoo yake, "Ninyi watoto ni moto! Mwaka jana saa hizi tulikuwa herufi B!"

Somoe akatabasamu, akazidisha mwendo.

Kisha akaja Bi Kuruthumu, mpishi wa shule, anafuta mikono kwenye kanga. "Haya ni makubwa," alisema. "Nimeamka alfajiri, nimepika uji sufuria lile kubwa, nimeletewa watoto tisa! Tangu lini Kiwangwa watu wanaamka wameshiba hivi? Au kuna harusi sikualikwa?"

Kila mtu akacheka. Somoe naye akacheka, halafu akaikumbuka namba.

Tisa?

Akapandisha orodha juu. Bado, DAWA. Bado, DAWA. Chai ya rangi, DAWA. Bado, bado, bado. Alihesabu mpaka ishirini na sita akaacha. Programu ilikuwa imefanya sawasawa na alivyoiambia. Neno "bado" si "hapana", kwa hiyo liliingia kwenye kingine chochote, na kingine chochote kilikuwa kinakwenda kumeza dawa.

Angepaza sauti pale pale. Lakini Nesi alikuwa ametoka kumsifu. Wale wakubwa walikuwa wamekaa ukutani wanamtazama. *Labda wamekula baadaye,* alijiambia. *Labda wamekula nanasi njiani.* Hapo akavutwa sketi. Alikuwa Lulu wa Darasa la Pili, mdogo wake Yunus. Wanatoka mashambani, mbali, na kiganja chake kilikuwa na D.

"Dada Somoe, mimi uji sipewi?"

"Uliambiwa foleni ipi?"

"Hii ya dawa. Lakini mimi bado."

"Basi... subiri kidogo, Lulu."

Lulu alikuwa mtoto msikivu. Alirudi kwenye foleni ya dawa, akasubiri huko.

Hazikupita dakika kumi. Yunus, ambaye alikuwa amemeza miongoni mwa wa kwanza, aliinuka kutoka alipokaa, akashika tumbo, akatapika karibu na viatu vya Nesi. Kisha akakaa chini tena, macho yanamzunguka, jasho linamtoka.

Mama yake alikuwa ameegemea ua na wazazi wengine wachache. Alikuja mbio. "Yale yale!" alisema. "Yale yale ya mwaka jana! Nilisema mimi! Lulu yuko wapi? Lulu! Njoo hapa, tunaondoka!"

"Mama Yunus, tulia kwanza," alisema Nesi Ashatu, tayari amemlaza mtoto kwenye mkeka. Alifungua kiganja cha Yunus. D. Akageuka. "Somoe! Hebu angalia kwenye kompyuta. Huyu alikula au hakula?"

Wazazi waliokuwa uani wakasogea.

Somoe alitazama kioo. Jina, Yunus. Umri, tisa. Pembeni, neno DAWA kwa herufi kubwa. Angeweza kusema, "Kompyuta inasema dawa," na asingekuwa amedanganya hata herufi moja. Angeweza kusema mtoto mwenyewe ndiye alijibu vibaya. Nani angemwamini Yunus? Mwishehe alikuwa anatazama chini, anakwangua wino kidoleni.

Na kule mbele ya ndoo, Lulu alikuwa ameshapewa vidonge vyake. Alikuwa navyo mkononi, anangoja kikombe.

"Lulu, usimeze!" Somoe alipiga kelele, na kwa kuwa ameshaanza, ikabidi amalize. "Nesi, simamisha foleni! Yunus hakula. Alisema bado. Wengi wamesema bado. Kompyuta ilikuwa inakataa hilo neno, mimi nikaibadilisha ili isikatae, ndiyo maana imewapeleka wote kwenye dawa. Nimeharibu mimi."

Nesi Ashatu hakuuliza la pili. "Wenye D wote, rudisheni vidonge kwenye sahani! Bi Kuruthumu, leta uji wote! Nani ameshameza? Nyoosha mkono." Mikono kumi na minne ikanyooka. Alipita mmoja mmoja, "Umekula nini leo?", akapata sita ambao hawakutia kitu mdomoni. Wakalazwa kwenye mikeka kivulini, wakanyweshwa uji taratibu. Mmoja zaidi alitapika, msichana mmoja akalia kizunguzungu. Baada ya nusu saa Yunus alikuwa amekaa, anauliza kama uji umebaki.

Lakini mama yake alikuwa bado amemshika Lulu mkono. Somoe alimwendea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Mama Yunus, kwa sababu salamu huwezi kuikataa, lakini uso haukulegea.

"Naomba unisamehe. Yunus alinijibu kweli, mimi ndiye niliyemwandika vibaya. Watu walikuwa wananicheka, nikafanya haraka. Halafu nilijua mapema kabla hajatapika, nikanyamaza."

Mama Yunus akamkazia macho. "Ulijua?"

"Ndiyo mama."

"Mh." Alimtazama Lulu, ambaye alikuwa mwembamba, tumbo limemjaa, na ambaye wiki mbili hizi alikuwa analia akienda haja ndogo. "Mwaka jana nilizungushwa hapa siku nzima. Huyu anasema kamwulize yule, yule anasema karatasi imepotea. Hakuna aliyeniambia mwanangu kafanyiwa nini. Ningeambiwa hivi nisingekasirika vile." Akavuta pumzi. "Sasa niambie. Mimi nikimwacha huyu ameze, nitajuaje hujakosea tena?"

"Akae nawe wewe mwenyewe, mama. Anywe uji ukimwona, apumzike ukimwona, ndipo ameze."

Mama Yunus akatandika kanga chini, akamkalisha Lulu. "Lete kikombe," alisema. Wazazi wengine waliokuwa wameanza kuwaita watoto wao wakasimama, wakaangaliana, wakarudi uani.

Mwalimu Ridhiwani alikuwa amefika mezani. Somoe alitegemea kugombezwa. Mwalimu alikaa tu, akasogeza kompyuta mbele yake.

"Rudisha bool."

Somoe akarudisha. "Lakini mwalimu, watasema bado tena. Watoto hawasemi hapana. Ukimwuliza mtu umekula, anakwambia bado."

"Sawa, ndivyo tunavyosema. Sasa wewe niambie, bado ni ndiyo au hapana?"

Somoe alifikiri. "Ni hapana. Lakini hapana ya sasa hivi. Baadaye inaweza kuwa ndiyo."

"Basi ifundishe programu neno lenyewe. Mtu akisema bado, ihesabu si kweli, aende kwenye uji. Akishakunywa, urudi kwenye jina lake uibadilishe iwe kweli. Bool inabadilika, haijachongwa kwenye jiwe. Haikatai maisha ya mtoto yabadilike. Inachokataa ni wewe kutojua ni lipi kwa sasa."

"Na chai ya rangi?" aliuliza Mwishehe, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

"Hilo kompyuta hailiwezi. Mwulize Nesi." Na Nesi alipaza sauti kwamba chai ya rangi si chakula, na chochote wasichokuwa na hakika nacho kiende kwenye uji, maana hakuna mtoto aliyewahi kudhurika kwa uji.

Wakaanza upya kuanzia jina la kwanza. Ilichukua mpaka adhuhuri. Wakubwa wa Darasa la Saba walijaribu kutania mara moja, Bi Kuruthumu akawapa kazi ya kuosha vikombe. Lulu alimeza vidonge vyake saa nne na nusu, akiwa ameegemea paja la mama yake, akakunja uso kwa uchungu wa dawa, na havikurudi. Mama Yunus alipoondoka alimwambia Nesi kwamba kesho atamleta na mtoto wa jirani, ambaye wazazi wake walikuwa wamemficha nyumbani.

Jioni, walipokuwa wanarudisha meza stoo, Mwishehe alisema, "Mwalimu, mimi nilimwona akibadilisha. Nikanyamaza."

"Nilikuwa nangoja uniambie," alisema Mwalimu Ridhiwani. Akamgeukia Somoe. "Asubuhi, kabla hujabadilisha, kompyuta ilikukatalia mara ngapi?"

"Kama mara tano, mwalimu."

"Na kila ilipokataa, mbele yako alikuwa amesimama mtoto wa namna gani?"

Somoe alianza kuwakumbuka mmoja mmoja. Yunus. Yule wa "kidogo". Yule wa chai ya rangi. Sauti yake ilishuka.

"Mwenye njaa."

"Mara zote?"

"Mara zote, mwalimu."

"Basi ilikuwa inakuonyesha wenye njaa, na wewe ukadhani inakusumbua." Mwalimu alifunga dirisha la stoo. "Wanangu, kazi ya haraka inayokubali kila kitu haijui kitu. Kinapokukatalia chombo, au mtu, au sheria, usikimbilie kukinyamazisha. Uliza kwanza kinamlinda nani. Na mkikosea, maana mtakosea, semeni mapema, vidonge vikiwa bado kiganjani. Vikishamezwa, ukweli wenu unabaki wa kusaidia kusafisha tu."